Bakapu ipo, programu haifunguki: utatuzi kwa kompyuta yenye programu kwenye diski D

Mafundi wengi wakishapiga Windows huigawa diski mara mbili: C ya mfumo, D ya "vitu vyako". Sababu wanayoitoa ni kwamba siku Windows ikiharibika, C itafomatiwa na D haitaguswa. Kwa picha, barua na video hilo ni kweli kabisa. Shida huanza pale mwenye kompyuta, akiona mstari wa C umekuwa mwekundu, anapoanza kusakinisha na programu zenyewe kwenye D: ya uhasibu, ya duka la dawa, ya matokeo ya wanafunzi. Kuanzia hapo programu ina makazi mawili, na bakapu ya makazi mamoja haitoshi.

Ukichagua D:\Programu wakati wa kusakinisha, kinachokwenda D ni faili za programu yenyewe tu. Mengine hubaki C bila wewe kuulizwa. Usajili wake huandikwa kwenye rejistri (daftari la mipangilio la Windows), ambayo faili zake kuu ziko C:\Windows\System32\config. Mipangilio ya kila mtumiaji huingia kwenye AppData, ndani ya C:\Users. Mipangilio ya watumiaji wote, mara nyingi leseni, na wakati mwingine hifadhidata nzima, huingia C:\ProgramData, folda iliyofichwa ambayo watu wengi hawajawahi kuiona. Vijenzi vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, kama Visual C++ na .NET, navyo viko C.

Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linatokana na hilo. Maelezo ni ya Windows 10 na 11. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini bado imejaa maofisini, na kwa suala la bakapu mifumo hii miwili haitofautiani sana.

Kabla ya kugusa kitu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`, bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina mistari: Disk 0, Disk 1 na kuendelea. Kila mstari ni diski moja ya kushikika kwa mkono. Angalia C na D ziko mstari gani. Zikiwa mstari mmoja, basi ni diski moja iliyochorwa mpaka katikati. Ikifa, zinakufa zote mbili, na bakapu ya C uliyokuwa unaihifadhi D inakwenda nayo. Hilo likikukuta, hakuna utatuzi humu utakaokusaidia, kwa hiyo lijue mapema.

Angalia pia patisheni (vipande vya diski) ndogo zisizo na herufi: ile ya EFI, kwa kawaida MB 100 au zaidi kidogo, na ile ya urejeshaji. Hizo hazionekani ukifungua kompyuta kwa njia ya kawaida, lakini bila ya EFI kompyuta ya kisasa haiwaki. Piga picha dirisha hilo kwa simu. Siku ya kurejesha utaitafuta.

Na kama tayari kuna data iliyopotea, usisakinishe chochote kwenye diski hiyo, hata programu ya kutafuta data iliyopotea. Itumie kutoka kompyuta nyingine.

Dalili: Windows imepigwa upya, D ni nzima, programu hazifunguki

"Fundi, programu naziona zipo kabisa, mbona hazifunguki?" Hapa ndipo fundi na mteja hugombana, kwa sababu D kweli haikuguswa. Ukibofya ile faili ya exe, unaambiwa faili fulani ya dll haipo, au leseni haitambuliki, au haitokei kitu chochote. Windows mpya ina rejistri mpya, na ndani yake hakuna neno lolote kuhusu programu hiyo. Huduma yake ya chinichini haijasajiliwa, vijenzi vyake vya C vimefutwa, na ile leseni iliyokuwa ProgramData imekwenda na fomati.

Usiifute folda ya D. Ibadilishe jina kwanza, mfano kutoka D:\Programu\Duka kuwa D:\Programu\Duka_zamani, ndipo usakinishe programu upya, toleo lilelile, mahali palepale. Toleo lina uzito: ukisakinisha jipya zaidi, linaweza kubadilisha muundo wa hifadhidata na usiweze kurudi nyuma. Ukishasakinisha, funga programu, simamisha huduma yake kwenye `services.msc`, kisha urudishe data kutoka folda ya zamani. Kusakinisha juu ya folda ya zamani bila kuibadilisha jina ni hatari kwa programu zinazoweka data ndani ya folda yao wenyewe. Baadhi ya visakinishaji huweka hifadhidata tupu juu ya ile yenye kazi ya miaka.

Zipo programu ndogo zisizotegemea rejistri, ambazo ukibofya exe zinafunguka hata kwenye flashi. Hizo ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba zote ziko hivyo.

Kuna sura ya pili ya dalili hii: hukupiga Windows upya, ulirudisha C kutoka imeji (nakala ya patisheni nzima) ya Jumapili wakati D iko kama ilivyo leo Alhamisi. Kama katikati ya wiki programu ilijisasisha, faili za D ni mpya na rejistri ya C ni ya zamani. Programu hufunguka nusu, hulalamika toleo halilingani, au huomba kusasishwa kila ukiiwasha. Kitu hichohicho hutokea ukitumia System Restore (kurudisha Windows hali ya siku ya nyuma), kwa sababu ulinzi wake kwa kawaida huwashwa kwa C peke yake. Tiba ni kusakinisha lile toleo jipya juu yake, baada ya kunakili data pembeni. Kinga ni kuchukua bakapu ya C na D kwa mkupuo mmoja. Windows ina huduma ya nakala kivuli (VSS) inayoweza kuzipiga picha patisheni zote mbili kwa wakati mmoja hata zikiwa zinatumika, na zana nzuri za bakapu huitumia hiyo.

Dalili: bakapu imesema imekamilika, lakini data haimo

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa kuwa hugundui mpaka siku ya shida. Ina sababu kadhaa, na inafaa kuzipitia taratibu.

Sababu ya kwanza ni kunakili D ukiamini data iko D. Chukua programu ya mauzo ya duka la dawa, aina inayotumia SQL Server Express, seva ya hifadhidata ya Microsoft. Kisakinishaji kiliuliza pa kuweka programu, ukasema D. Lakini SQL Server Express ilisakinishwa kimyakimya upande wa pili, na kama ni toleo la 2019, hifadhidata zake kwa kawaida ziko C:\Program Files\Microsoft SQL Server\MSSQL15.SQLEXPRESS\MSSQL\DATA. MySQL, seva nyingine ya hifadhidata, ndivyo ilivyo: hata programu yake ikiwa D, data kwa chaguo-msingi hukaa C:\ProgramData\MySQL. Kila jioni karani ananakili folda ya D kwenda kwenye flashi, dakika mbili imekwisha, na anachobeba nyumbani ni vitufe na picha za programu.

Namna ya kujua data iko wapi hasa ni kuitazama ikiandikwa. Fungua `resmon`, nenda kwenye kichupo cha Disk, panga orodha kwa safu ya uandishi. Kisha ingiza mauzo moja ya majaribio kwenye programu na uhifadhi. Sekunde hiyohiyo utaona jina la faili likiruka juu pamoja na njia yake yote, mfano faili yenye mwisho wa mdf na ldf ikiandikwa na `sqlservr.exe`. Hapo ndipo data ilipo, hata kama ikoni inasema D. Usitegemee tarehe ya faili peke yake. SQL Server huishikilia faili yake wazi muda wote, na tarehe inayoonekana inaweza kuwa ya zamani hadi huduma isimamishwe.

Sababu ya pili iko kwenye zana ya Windows yenyewe. Ndani ya Control Panel kuna ile ya tangu enzi za Windows 7, Backup and Restore. Ina kazi mbili tofauti: bakapu ya faili, na imeji ya mfumo. Bakapu ya faili huruka kwa makusudi faili zilizosajiliwa kuwa ni sehemu ya programu. Kwa hiyo ukitia tiki D:\Programu, utaona ujumbe wa mafanikio huku sehemu ya folda hiyo haikuchukuliwa. Ukiwa na programu ya zamani inayoweka data pamoja na exe zake, usiitegemee njia hiyo. Huruka pia chochote kilicho kwenye patisheni ya FAT32 (mtindo wa zamani wa kufomati), ambayo bado hukutana nayo kwenye diski za zamani.

File History, zana nyingine ya bakapu ya Windows, nayo ina mipaka yake. Yenyewe huangalia maktaba za mtumiaji, yaani Documents, Pictures na wenzake, pamoja na Desktop. Folda ya D haiijui mpaka uiongeze mwenyewe, mfano kwa kuiingiza kwenye mojawapo ya maktaba hizo. Watu huiwasha, huona swichi imekuwa ya bluu, wakalala usingizi.

Sababu ya tatu ni viungo vya folda. Wapo waliohamisha folda kutoka C kwenda D kisha wakaacha kiungo kwa amri ya `mklink /J`, ili C ipumue. Kwa macho folda bado iko C. Zana moja ya bakapu itafuata kiungo na kunakili kilichomo. Nyingine itanakili kiungo kitupu. Robocopy, zana ya kunakili ya Windows, hufuata, lakini ukiweka `/XJ`, ambayo karibu kila mfano mtandaoni huiweka ili kuepuka mzunguko usioisha ndani ya folda za watumiaji, inaruka viungo vyote. Amri ya `dir /AL /S C:\` itakuonyesha viungo vilivyopo. Utaona vingi vya Windows yenyewe. Wewe tafuta vinavyoelekeza D.

Ya nne: faili ilikuwa wazi. Kunakili hifadhidata inayofanya kazi kwa kuburuta na kipanya hukataa, au hukubali na kukupa nakala isiyofunguka. Hifadhidata ichukuliwe kwa zana yake. Programu nyingi za uhasibu zina kitufe cha bakapu ndani yake, kitumie hicho. Kwa MySQL kuna `mysqldump`, kwa SQL Server kuna amri ya `BACKUP DATABASE`. Faili inayotoka hapo ndiyo unayoipeleka diski ya nje.

Dalili: robocopy imekwama, au folda ya bakapu imetoweka

Robocopy ni zana nzuri na ni ya bure, imo ndani ya Windows, lakini ina tabia mbili zinazowachanganya watu wenye D.

Ikikutana na faili iliyofungwa, hujaribu tena. Kwa chaguo-msingi hujaribu mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Kwa mtazamaji hiyo ni kukwama. Weka mipaka mwenyewe:

`robocopy D:\ E:\BakapuD /E /XJ /R:1 /W:1 /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /LOG:E:\bakapu.txt`

Ikimaliza, soma faili ya bakapu.txt, hasa safu ya FAILED pale mwisho. Ikiwa si sifuri, panda juu utafute neno ERROR uone ni faili gani iliyokataa.

Tabia ya pili: ukinakili kutoka mzizi wa diski, yaani D:\ yenyewe, folda unayoipelekea hurithi sifa za mzizi huo, nazo ni kufichwa na kuwa ya mfumo. Unafungua E, huoni kitu, lakini nafasi imeliwa. Data ipo. Amri ya `attrib -h -s E:\BakapuD` huirudisha machoni.

Ukiona mahali mtu anapendekeza `/MIR`, elewa kwamba inafanya upande wa pili ufanane na wa kwanza, pamoja na kufuta. Ukikosea na kugeuza D na E, bakapu tupu itaifuta D yako. Kwa kazi ya mkono ya kila siku mimi simpi mtu amri hiyo.

Dalili: Windows inang'ang'ania kuijumuisha D, au inakataa kuhifadhi imeji kwenye D

Unataka imeji ya C peke yake. Kwenye orodha, D imetiwa tiki ya kijivu isiyoondoka, na Windows inaiita sehemu ya mfumo. Au unataka kuiweka imeji D, na unaambiwa haiwezekani.

Si ugonjwa. Kuna programu iliyosakinishwa D ambayo imesajili huduma au drava (programu ya kuendesha kifaa) inayojiwasha pamoja na Windows. Kwa hesabu ya Windows, patisheni yenye faili ya huduma hiyo ni sehemu ya hali ya mfumo, kwa hiyo lazima iingie kwenye imeji, na kinachoingia kwenye imeji hakiwezi kuwa mahali pa kuihifadhi. Wahusika wa kawaida ni antivirasi, seva za hifadhidata, programu za leseni za kihasibu, na visasisho vya michezo. Fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

`Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object PathName -like '*D:\*' | Select-Object Name, PathName`

Badilisha `Win32_Service` kuwa `Win32_SystemDriver` uone na drava. Majina yatakayotokea ndiyo yanayoishikilia D.

Ukitaka D itoke, sakinua programu hiyo uisakinishe C. Kuhariri njia ya huduma kwenye rejistri na kuhamisha faili kwa mkono huonekana njia ya mkato mpaka sasisho linalofuata. Lakini kwa maoni yangu, Windows hapa imekusaidia. Programu iko D, huduma iko D, sasa kwa nini imeji iiache D? Iache iingie, na uhifadhi kwenye diski ya nje iliyofomatiwa NTFS. Flashi za kawaida hazikubaliki kwa imeji ya mfumo, na FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4.

Kwa amri moja, C, D na zile patisheni ndogo zote kwa pamoja, diski ya nje ikiwa E:

`wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C:,D: -allCritical -quiet`

Microsoft iliitangaza zana hii ya imeji kuwa haiendelezwi tena tangu Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017. Bado inafanya kazi. Usiyetaka kuitegemea una Veeam Agent ya bure, au Clonezilla, ambayo huwashwa kutoka flashi na kunakili diski Windows ikiwa imelala, kwa hiyo mambo ya faili zilizofunguliwa hayapo. Macrium Reflect, iliyokuwa kipenzi cha mafundi, haitoi tena toleo la bure.

Dalili: bakapu inakatika na namba

0x80780119 ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko nyingine. Inasema nafasi haitoshi, mtu anatazama diski ya nje yenye mamia ya GB wazi, anashangaa. Nafasi inayozungumziwa ni ya nakala kivuli, na inahitajika kwenye kila patisheni inayochukuliwa. Patisheni iliyo chini ya MB 500 inataka angalau MB 50 wazi. Iliyo juu ya hapo inataka MB 320. Na kwa zinazozidi GB 1 ushauri ni kuacha GB 1 nzima. Kwa hiyo mkosaji ni D iliyojazwa hadi pomoni, au ile patisheni ndogo ya urejeshaji. D isafishe. Kwa ya urejeshaji, `reagentc /disable` huihamisha faili yake kubwa kwenda C na kuacha nafasi. Ukimaliza bakapu, `reagentc /enable` huirudisha. Kuwa na flashi ya Windows mkononi kabla ya kufanya hivyo.

0x80070070 ni diski iliyojaa kweli, ya nje au ya ndani.

0x80070017 ni habari mbaya: data haisomeki kutoka kwenye diski. Wengi hukimbilia `chkdsk D: /r`. Usianze na hiyo. Inaisugua diski kwa saa nyingi, na diski inayokufa inaweza kumalizikia hapohapo. Nakili kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, data kabla ya programu, kisha utazame afya yake kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha tahadhari, nunua diski nyingine. Kama afya ni nzuri, kagua waya na tundu la USB, kisha endesha `chkdsk D: /f`.

Makosa yanayotaja VSS au nakala kivuli yachunguze kwa `vssadmin list writers`. Kila mwandishi (kijenzi kinachoandaa data kwa nakala kivuli) aonyeshe Stable na No error. Aliyeshindwa, anzisha upya huduma yake, au washa kompyuta upya. Mara nyingi hiyo yatosha. Zikiwepo zana mbili za bakapu zinazojiwasha saa ileile, zitenganishe muda. Nafasi ya nakala kivuli ya D huongezwa kwa `vssadmin resize shadowstorage /for=D: /on=D: /maxsize=10%`.

Na bakapu inayokatika bila namba, kila mara baada ya muda fulani, kwa kawaida ni laptopu iliyolala au umeme uliokatika. Zima usingizi mpaka kazi iishe.

Dalili: umerejesha vizuri, lakini D imekuwa E

Njia za mkato zote zinasema diski haipatikani. Herufi za diski zimeandikwa ndani ya rejistri, na ukibadilisha diski au ukarejesha ukiwa na flashi imechomekwa, kitu kingine kinaweza kuidaka D. Usianze kuhariri njia za mkato moja moja. Nenda `diskmgmt.msc`, kipe kilichochukua D herufi ya mbali kama R, kisha uipe patisheni yako D. Washa upya. Herufi ya C usiiguse.

Ukiwa ndani ya mazingira ya urejeshaji, yale ya skrini ya bluu kabla Windows haijawaka, herufi zinaweza kuwa tofauti kabisa na ulizozoea. C yako inaweza kuitwa D huko. Hiyo si hitilafu, ila kabla hujaandika amri yoyote ya kunakili au kufomati, andika `diskpart`, kisha `list volume`, uzitambue kwa ukubwa na majina. Ndiyo maana ni vizuri kuipa kila patisheni jina: MFUMO, PROGRAMU.

Dalili: D inaomba ufunguo wa tarakimu 48

D iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, hujifungua yenyewe kila siku kwa sababu ufunguo wake wa kujifungulia umehifadhiwa C. C ikifomatiwa au D ikihamishiwa kompyuta nyingine, utatakiwa kuingiza ufunguo wa urejeshaji. Usipokuwa nao, hakuna fundi atakayeifungua. Angalia leo kwa `manage-bde -status`, na kama imewashwa, chapisha ufunguo wa C na wa D kwenye karatasi. Kwenye Windows 11 usimbaji huu unaweza kuwa umewashwa tangu kompyuta ilipoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo uko kwenye akaunti hiyo, kwa hiyo ijue ni ya nani. Kwa kompyuta za ofisi mara nyingi ni ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Jambo lingine: imeji ya mfumo iliyochukuliwa D ikiwa wazi haina kufuli hilo. Anayeiba diski ya nje anasoma kila kitu. Ifungie kabatini, au iwekee BitLocker yake.

Dalili: diski mpya inakataliwa wakati wa kurejesha

Ujumbe husema hakuna diski inayofaa. Diski mpya haiwezi kuwa ndogo kuliko ile ya zamani, hata kama data ilikuwa robo tu. Anayetoka diski ya TB 1 kwenda SSD ya GB 480 atakwama hapa, na suluhisho ni kupunguza D kwanza na kutumia zana nyingine inayoweza kubana patisheni, au kusakinisha Windows upya na kurudisha data peke yake. Kama ujumbe unazungumzia BIOS na EFI, imeji ilichukuliwa kompyuta ikiwaka kwa mtindo mmoja na sasa flashi imewashwa kwa mtindo mwingine. Rudi kwenye menyu ya kuwashia uchague flashi hiyohiyo kwa mtindo unaolingana.

Kuipima bakapu kabla haijahitajika

Fungua diski ya nje, ingia WindowsImageBackup, kisha folda yenye jina la kompyuta, kisha ile yenye tarehe. Utakuta faili za vhdx, moja kwa kila patisheni. Ukikuta moja kubwa na nyingine ndogondogo tu, D haimo. Zinapaswa kuwa kubwa mbili.

Kwenye `diskmgmt.msc`, menyu ya Action ina Attach VHD. Chagua ile ya D, tia tiki ya kusoma tu, na itaonekana kama diski mpya. Ingia, fungua nyaraka mbili tatu, angalia tarehe. Fanya hivyo kwa ya C, uende ProgramData na kule resmon ilikokuonyesha. Kisha Detach. Faili ya bakapu ya hifadhidata ijaribu kwenye kompyuta nyingine yenye programu ileile: irejeshe, tafuta risiti ya mwisho ya jana. Ukiipata, iko sawa.

Folda hiyo ya WindowsImageBackup usiibadilishe jina na usiiingize ndani ya folda nyingine ili E ionekane nadhifu. Zana ya urejeshaji huitafuta kwenye mzizi wa diski kwa jina hilohilo, na isipoikuta itakuambia hakuna imeji. Ukitaka kuweka ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, tumia diski mbili.